Herufi A Inapohama: Kusoma Asili ya Kibodi Kuukuu Goma

Ukivuka kituo cha mpaka cha Petite Barrière kutoka mtaa wa Birere, Goma, kwenda Gisenyi, Rwanda, herufi A inahama. Upande wa Goma, kwenye vibanda vya secrétariat public ambako wanafunzi hupeleka TFC zao, yaani kazi za mwisho wa masomo, zichapwe, A iko juu kushoto, na jirani yake ni Z. Upande wa Rwanda, hasa tangu serikali ya Kigali ilipoamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza, kompyuta nyingi zinazouzwa zina Q mahali hapo, na A imeshushwa mstari mmoja. Mchapaji wa Goma aliyezoea kuchapa bila kutazama vidole, akiwekwa mbele ya mashine ya ng'ambo ya mpaka, anaandika "qvocqt" akiamini ameandika "avocat".

Mpangilio huo wa herufi ni historia ya utawala iliyochorwa kwenye plastiki. Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, alipata hataza ya mashine yake ya kuchapa mwaka 1868 pamoja na wenzake wawili, na kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874. Vitufe vya juu vilianza na Q, W, E. Mashine hizo zilipoingia Ufaransa mwishoni mwa karne hiyo, herufi zikapangwa upya: A ikachukua kiti cha Q, Z kiti cha W, na M ikahamia kando ya L. Ubelgiji ikafuata Wafaransa. Mwaka 1908 dola la Ubelgiji lilipoichukua Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold II, makarani wake walikuja na mashine walizozijua. Ndiyo maana, zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru, mtoto wa Goma bado hujifunza kuchapa kwa A na Z.

Lakini kusema "hii ni AZERTY", yaani mpangilio unaoanza na A na Z, hakutoshi kueleza kibodi ilikotoka. Nililiwaza jambo hili nilipoletewa kibodi moja nzito katika kibanda cha fundi huko Birere. Ilikuwa na rangi ya maziwa iliyogeuka manjano, na waya wake ulijikunja kama wa simu za zamani. Ukiibonyeza ilirudisha kidole juu kwa nguvu, si kama hizi za mpira zinazolegea baada ya mwaka mmoja.

"Hii ni ya wakati ya Mobutu, papa," fundi akasema. "Ya sasa haiko nguvu hivi."

"Umejua namna gani?"

"Iangalie tu."

Tukaiangalia. Na kweli, kibodi za aina hii husomeka, kwa sababu waliozitengeneza waliacha alama nyingi bila kukusudia.

Alama ya kwanza ni idadi na umbo la vitufe. Kibodi kubwa zilizouzwa Marekani baada ya katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa na vitufe 101. Za Ulaya zilikuwa na 102, kwa kuwa ziliongezewa kitufe kimoja kidogo kati ya Shift ya kushoto na herufi inayofuata, chenye alama za < na >. Tena kitufe cha Enter cha Ulaya ni kirefu, kinashika mistari miwili. Fundi anaweza kung'oa vitufe na kuvipanga upya, anaweza kubandika stika za herufi kama wengi wanavyofanya kwenye kompyuta ndogo zinazotoka Dubai, lakini hawezi kuongeza tundu ambalo kiwanda hakikulitoboa. Kibodi yetu ilikuwa na kitufe hicho cha 102. Kwa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Ulaya.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo wachapaji wengi hawalijui. Kibodi haitumi herufi. Inatuma namba ya mahali: kitufe cha mstari fulani, nafasi fulani, kimebonyezwa. Kompyuta ndiyo inayoamua namba hiyo ni A au Q, kulingana na lugha iliyochaguliwa ndani yake. Kwa hiyo herufi zilizoandikwa juu ya vitufe hazisemi lolote kuhusu umeme ulio ndani. Zinasema tu mtengenezaji alifikiri mnunuzi wake ataishi wapi. Kwa mwanahistoria, hilo ndilo swali lenyewe.

Na jibu liko kwenye mstari wa namba. Tazama kitufe cha 6 na cha 8. Kwenye kibodi ya Ufaransa, 6 ina kistari kifupi na 8 ina mstari wa chini. Kwenye kibodi ya Ubelgiji, 6 ina alama ya aya, §, na 8 ina alama ya mshangao. Alama ya @ Wafaransa wameiweka kwenye sifuri, Wabelgiji kwenye mbili. Kwenye pembe ya juu kushoto Mfaransa ana ² peke yake, Mbelgiji ana ² na ³. Kando ya Shift ya kulia Mfaransa ana alama ya mshangao, Mbelgiji ana = na +. Mtu akikumbuka viwili tu, 6 na 8, hatadanganyika tena sokoni. Niliwahi kuona watu wakibishana na kompyuta kwa dakika nyingi wakitafuta @ ili wafungue barua pepe, kumbe mashine imewekewa Kifaransa cha Ufaransa huku kibodi ikiwa ya Ubelgiji. Mzozo mdogo wa Paris na Bruxelles umekuja kumalizikia juu ya meza ya Goma.

Kuna dalili nyingine ya Kibelgiji ambayo naipenda zaidi. Ufaransa huandika majina ya vitufe kwa Kifaransa: Suppr, Inser, Début, Fin. Ubelgiji ina wazungumzaji wa Kifaransa na Waflamandi wanaosema Kiholanzi, na kuwachagulia upande mmoja ni kuwasha moto. Kwa hiyo kibodi za Ubelgiji mara nyingi hukwepa ugomvi kwa kutumia mishale na alama, au maneno ya Kiingereza. Kibodi yetu ilikuwa na § kwenye 6, ! kwenye 8, na haikuwa na Suppr popote. Iliuzwa kwa soko la Ubelgiji, na juu ya hilo sina shaka.

Nani aliitengeneza? Hapo inabidi kung'oa kitufe kimoja, taratibu, kwa vidole viwili. Chini ya kofia ya plastiki kuna kifaa, na umbo la kifaa ni kama sahihi ya kiwanda. Ukiona springi ya chuma imesimama wazi ndani ya bomba, hiyo ni IBM, na huenda ni ile Model M iliyotoka mwaka 1985. Springi yake hujipinda ghafla inapobanwa, ikapiga kinyundo kidogo, na ndiyo inayotoa ule mlio unaosikika chumba cha pili. Ukiona ulimi bapa wa mstatili, yaelekea ni swichi ya Alps ya Japani, iliyokuwa ndani ya kibodi nyingi za Apple na Dell. Ukiona msalaba mdogo, alama ya kujumlisha, hiyo ni Cherry, au mwigaji wake.

Yetu ilikuwa na msalaba mweusi.

Cherry ilianzishwa mwaka 1953 na Walter Cherry katika jimbo la Illinois, Marekani, lakini jina lake katika kibodi lilikuzwa na tawi la Ujerumani, katika mji mdogo wa Auerbach, Bavaria. Swichi yao ya MX ilitoka mapema miaka ya 1980. Ndani yake kuna springi, mguu wa plastiki wenye msalaba, na vijiti viwili vya chuma vilivyopakwa dhahabu kidogo mahali vinapokutana, ili kutu isizuie umeme. Rangi ya mguu hueleza tabia: mweusi unashuka moja kwa moja na una uzito, wa bluu unalia, wa kahawia una kikwazo kidogo katikati. Kampuni ilijivunia kwamba swichi moja inastahimili kubonyezwa mara milioni 50. Goma, mji uliojengwa juu ya mawe meusi ya volkeno, ambako vumbi lake huingia hata ndani ya kabati lililofungwa, ni mahali pa kuijaribu ahadi hiyo. Tulipoifungua hii, vumbi lililoanguka juu ya gazeti lilikuwa jeusi kama baruti, na swichi zote zilifanya kazi; kofia ya herufi N tu ndiyo ilikuwa imevunjika.

Tahadhari moja hapa: msalaba peke yake hauthibitishi. Cherry hiyo hiyo ilitengeneza kibodi za bei ya chini zilizotumia kofia zilezile juu ya swichi tofauti kabisa. Lazima ugeuze kibodi usome lebo. Ikianza na G80, ni MX za kweli. Ikianza na G81, ni zile za utando, hata kama kwa juu zinafanana kama pacha. Herufi za mwisho za namba hiyo mara nyingi hutaja nchi ya mnunuzi. Lebo ya kibodi yetu ilikuwa imefutika upande mmoja, lakini G80 ilisomeka, na chini yake Made in Germany.

Lebo za mgongoni zinastahili heshima kuliko tunavyozipa. Ile ya IBM hutaja namba ya aina, kiwanda na tarehe kamili ya kuzaliwa: 1391401 ni ya Kiingereza cha Marekani, 1391403 ni ya Kijerumani, 1391406 ni ya Uingereza. Nyingi zilizouzwa Ulaya zilitoka Greenock, Scotland, na za Marekani zilitoka Lexington, Kentucky, kiwanda ambacho IBM ilikitenga mwaka 1991 kikawa Lexmark. Nyingine zina namba ya FCC, idara ya Marekani inayosimamia mawimbi ya redio. Herufi tatu za mwanzo za namba hiyo ni za kampuni iliyoomba kibali, nayo mara nyingi siyo iliyochapa jina lake juu. Kibodi iliyoandikwa Dell kwa mbele, ikiwa na GYU kwa nyuma, ni kazi ya Silitek ya Taiwan. Fundi wangu alifurahi sana kulisikia hilo. Alikuwa na tatu za namna hiyo chini ya meza, akiziita za Kimarekani miaka yote.

Kuhusu umri, alama ni nyingi na zinafungana. Plagi ya yetu ilikuwa ile kubwa ya duara yenye miguu mitano, iliyoanza na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Plagi ndogo ya duara ililetwa na mashine za PS/2 mwaka 1987, ingawa ile kubwa iliendelea kuuzwa miaka mingi kwenye kompyuta za bei nafuu. Hakukuwa na kitufe chenye dirisha la Microsoft, kilichoanza kuonekana mwaka 1994 na kuenea pamoja na Windows 95. Hakukuwa na alama ya yuro kwenye E, na alama hiyo ilitangazwa Desemba 1996. Hakukuwa na herufi CE, ambazo vifaa vya aina hii vinavyouzwa katika Umoja wa Ulaya vililazimika kuwa nazo kuanzia Januari 1996. Na ilikuwa imeandikwa Ujerumani tu, bila neno la Magharibi, jambo linaloelekeza baada ya Oktoba 1990, nchi zile mbili zilipoungana, ijapokuwa viwanda vingine viliandika hivyo hata kabla. Ukiziweka pamoja, kibodi yaelekea ilizaliwa Auerbach kati ya 1990 na 1995.

Kwa hiyo fundi alikuwa sahihi? Mobutu alitawala hadi Mei 1997. Kwa kuzaliwa, ndiyo, ni ya wakati wake. Lakini kuzaliwa na kufika Goma ni mambo mawili, na hili la pili ndilo lenye uzito kwetu.

Fikiria kilichoipata kompyuta yoyote iliyokuwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanajeshi wasiolipwa walipora miji ya Zaire mwaka 1991 na tena 1993. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda karibu milioni moja waliingia eneo la Goma kwa siku chache, na nyuma yao mashirika ya misaada na jenereta zao, simu za setilaiti na kompyuta. Novemba 1996 mji ukachukuliwa na waasi wa AFDL. Vita vikaanza tena Agosti 1998, na Goma ikawa makao makuu ya waasi wa RCD. Kisha, tarehe 17 Januari 2002, volkeno ya Nyiragongo ikapasuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, maduka na maofisi ya katikati ya mji, na kufunika sehemu ya njia ya ndege. Kibodi ya ofisi ya Zaire iliyovuka yote hayo ingekuwa kitu cha kuwekwa makumbusho. Ziko labda chache, katika parokia fulani au kabati la mwalimu mstaafu. Nyingi zimo chini ya mawe.

Njia iliyo rahisi kuaminika ni ya mitumba. Ofisi za Ulaya hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka michache. Zile za zamani hukusanywa, nyingine na wafanyabiashara, nyingine na mashirika kama Close the Gap, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 2003 kwa ajili ya kukarabati kompyuta za makampuni na kuzituma nchi zinazozihitaji. Huingia kwenye kontena Antwerp, huku zimebanwa na friji, baiskeli na viti vya ofisi. Huteremshwa Mombasa au Dar es Salaam, hupanda lori hadi Kampala au Kigali, na mwishowe hufika mpakani kwetu. Kipande cha mwisho cha safari hiyo huenda kikafanywa kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha kusukumwa.

Jambo moja lebo haitaji. Kila swichi ya MX imelehemiwa kwa miguu miwili, kwa hiyo vitufe 102 ni matone ya lehemu zaidi ya 200, na lehemu ya miaka ile ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi. Bati ni mali ya Kivu tangu ukoloni. Mwaka 1976 kampuni za zamani za madini za jimbo ziliunganishwa kuwa SOMINKI, ikachimba kasiterite, madini yanayotoa bati, ikayumba bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, na baada ya 2000 wachimbaji wadogo walimiminika kwenye mgodi wa Bisie, Walikale. Tani kwa tani zilitoka hapa bila kuandikwa jina la kijiji. Ilipofika 2010, Marekani ikapitisha sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu kuhusu madini ya maeneo ya vita, na wanunuzi wakaanza kutaka magunia ya madini ya Kongo yawe na vibandiko vyenye namba. Viwanda vya kibodi vilibandika lebo mgongoni mwa bidhaa zao miongo kadhaa kabla mtu yeyote hajaona haja ya kuliandikia gunia la Walikale lilikotoka. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Kuhusu kibodi yetu, ubishi uliisha kwa kipande cha karatasi. Fundi alikuwa akisugua sehemu ya chini kwa brashi na alkoholi, akaona ncha ya stika iliyokuwa imefunikwa na uchafu karibu na mguu wa mpira. Nusu yake ilikuwa imechanika. Iliyobaki ilikuwa na namba ya mali ya ofisi na neno moja: Eigendom. Ni Kiholanzi, maana yake mali. Si rahisi ofisi ya Zaire iwe iliandika mali yake kwa Kiholanzi. Kibodi hii ilikaa Flanders, kwa Waflamandi, mezani kwa mtumishi aliyechapa barua zake kwa A na Z kama sisi, ikafutwa kwenye daftari la mali, ikapakiwa, ikaja.

"Basi ni ya Wabelgiji," fundi akasema.

Ya Wajerumani kwa kutengenezwa, ya Waflamandi kwa kutumiwa, na sasa ni yake, maana ameinunua kwa kilo pamoja na mashine nyingine zilizokufa. Nilimwomba asiondoe stika ile, na apige picha lebo ya kila kibodi nzito kabla ya kuivunja kwa ajili ya waya na chuma. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazitafuta G80 na Model M, na mtu anayejua kusoma kitufe cha 6 na herufi za mgongoni hatauza kwa kilo kile kinachouzwa kwa jina.

Kuitumia tena si kazi ngumu. Plagi kubwa hugeuzwa kuwa ndogo ya PS/2 kwa kiunganishi cha kawaida kisicho na akili yoyote ndani, kwa kuwa kwa kibodi za umri huu lugha ya umeme ya plagi hizo mbili ni ileile. Kutoka hapo kwenda USB inahitajika kigeuzi chenye saketi yake, na si kila kile cha bei rahisi kinaikubali kibodi ya umri huu. Inabidi kujaribu dukani kabla ya kulipa. Kofia ya N ilipatikana kwenye rundo lake mwenyewe, kutoka kwa G81 iliyokufa. Iliingia kwenye msalaba bila kulazimishwa.